Tumbusi hajui mpaka wa hifadhi

Tulikuwa Maasai Mara, gari limesimama karibu na mzoga wa nyumbu, tumbusi kama thelathini wanaugombania. Mzee mmoja nyuma yangu akamwambia dereva: "Twende bwana, hawa ni uchafu tu. Tutafutie simba." Dereva akawasha gari. Kauli ile bado inaniuma.

Hao anaowaita uchafu wanakwisha. Mwaka 2015 aina nne za tumbusi wa Afrika, wakiwemo wale wa mgongo mweupe tuliowaacha pale, zilitangazwa kuwa hatarini kabisa kutoweka. Utafiti uliochapishwa Januari 2024 uliangalia aina 42 za ndege mbuai wa savana za Afrika, 37 zimepungua. Ndege karani, mwenye kuwinda nyoka kwa mateke nyasini, naye yumo katika msiba huu.

Ndani ya hifadhi hali ina nafuu, hilo nakubali. Lakini tumbusi hajui mpaka. Jua likishapasha ardhi, hewa ikaanza kupanda, naye anapanda nayo, na kabla ya machweo anaweza kuwa Serengeti au juu ya malisho ya watu. Huko malishoni ndiko anakofia. Simba ameua ng'ombe usiku; mwenye ng'ombe ananyunyizia mzoga dawa ya wadudu, akitaka simba akirudi afe. Wanaowahi mzoga ni tumbusi. Angani huwa wanatazamana: mmoja akishuka, aliye mbali anamwona na kumfuata, na wa mbali zaidi anamfuata huyo. Kwa hiyo mzoga mmoja unaweza kuua kundi zima. Majangili nao hutia sumu makusudi, maana tumbusi wakizunguka angani askari wanajua pa kwenda. Botswana, mwaka 2019, tumbusi 537 walikufa kwenye mizoga ya tembo watatu. Watatu tu!

Mfugaji aliyepoteza ng'ombe wa karo ya watoto ana haki ya kukasirika, na fidia inayokuja baada ya miaka haimpozi mtu. Basi tuanzie hapo: alipwe mapema, asaidiwe kujenga boma ambalo simba hapenyi. Na dawa zinazoua hivi zisiuzwe madukani kama sukari. Nyaya za umeme pia zinaua, nazo zishughulikiwe.

Ila tusijidanganye kwamba idadi itajirudisha yenyewe. Jozi ya tumbusi hutaga yai moja tu kwa msimu, na kinda huchukua kama miaka mitano kabla ya kuanza kuzaa. Wale thelathini tuliowapa kisogo ni kazi ya miaka mingi ya viota juu ya miti ya mtoni, na asubuhi moja ya sumu inatosha kuwamaliza wote. Safari ijayo nitamwomba dereva azime gari, na mzee atanivumilia.