Picha za WhatsApp hazichapiki, jamani

Mtu kapanda Kilimanjaro siku saba, kapiga mawio ya jua pale Stella Point, karibu na kilele, vidole vimekufa ganzi, halafu picha anamtumia mhariri wa jarida kwa WhatsApp! Ikipita humo kama picha ya kawaida, upande mrefu hubaki na pikseli kama 1600. Kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi, hiyo ni sentimita 13 na nusu tu. Ukurasa mzima wa A4 unataka pikseli 2480 kwa 3508, na bado kuna milimita 3 za kukatwa kila upande. Ukiivuta, theluji inageuka uji.

Tuma kama dokumenti, au weka Google Drive na ufungue ruhusa ya kiungo. (Hiyo ruhusa nayo! Mhariri anabisha hodi kwenye folda iliyofungwa hadi jarida linaenda mtamboni.)

Na maelezo ya picha? “IMG_4471”. Njia ya Machame au Rongai? Mwezi gani? Mpagazi mwenye kilo 20 kichwani hana jina, ila buti zako zina picha sita.

Wazo la makala lenyewe mstari mmoja: “Nina stori kali ya Kili.” Kali vipi?