Jiwe la Goma Halina Adabu

Madaktari wanasema tembeeni asubuhi, damu izunguke. Sawa. Lakini waje wenyewe wapite kwenye kartiye zetu, yaani mitaa yetu, hapa Goma mashariki mwa Kongo, saa kumi na mbili, na kandambili miguuni. Damu itazunguka, na nyingine itatoka nje kabisa.

Shida ni jiwe. Tarehe 17 Januari 2002 volkano yetu, Nyiragongo, ilitapika, moto ukapita katikati ya mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaenda kuzimikia Ziwa Kivu. Ulipopoa watu wakarudi kujenga juu yake. Sasa jiwe hilo ndilo barabara, ndilo msingi, ndilo ukuta, ndilo kiti cha mgeni. Limejaa matundu, na kila tundu lina makali pembeni. Soli inaanza kuisha kisiginoni, halafu kile kitufe cha mbele kinachomoka. Dawa yake watoto wote wanaijua: pitisha msumari chini ya kitufe kisirudi juu. Inadumu mpaka jiwe linalofuata.

Nyumba nazo, mbao tupu. Mgeni anashangaa: mawe yamejaa hivi, mbona mnalala ndani ya mbao? Papa, jiwe si ghali, ghali ni saruji na fundi wa kulichonga. Unapanga msitari wa mawe, unasimamisha miti, unapigilia mbao za mikaratusi, unatupa mabati juu, umehamia. Mbao unazipaka mafuta machafu ya injini ili mchwa wasizipende. Ila fundi mwenye haraka anapigilia mbao mbichi. Zikikauka zinajikunja, ufa unafunguka kati ya ubao na ubao, na mpita njia anasikia nani anakoroma na nani anadaiwa kodi. Nani alitaka kujua? Mabati pia hayana siku nyingi: moshi wa mlima unachanganyika na mvua, mvua inashuka na asidi, inayala polepole.

Tuje kwenye choo, maana hapo ndipo jiwe linadharau watu waziwazi. Sehemu nyingine shimo la choo ni kazi ya jembe tu. Hapa ni mtarimbo, nyundo kubwa na vijana wanaolipwa kwa kina, na mara nyingi mita moja tu wanatupa vyombo chini. Kama shimo haliendi chini, choo kinaenda juu. Unajenga tangi la mawe juu ya ardhi, unaweka sakafu, unaweka ngazi. Matokeo yake, mzee mzima na heshima zake anapanda ngazi mbele ya kartiye yote, karatasi mkononi, na jirani mwenye adabu hawezi kunyamaza: «Jambo papa, umeamukaje?» Ajibu nini? Na tangi likijaa hakuna kuhamisha shimo pengine, ni watu wa ndoo waje usiku, na asubuhi upepo unatangaza walipopita.

Wanaoishi upande wa magharibi kuelekea Sake wana jambo baya zaidi: mazuku. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, inalala kwenye mashimo na mabonde usiku usipokuwa na upepo. Haina rangi. Ukiona ndege au mjusi amekufa shimoni asubuhi, usiiname kumwokota. Hapo sifanyi mzaha.

Mlangoni kila mama ana babula yake, jiko la makaa, na mfuniko wa ndoo wa kupepea. Makaa yakiwa na unyevu, kuna wanaowashia mfuko wa plastiki, halafu mtembea kwa afya anavuta hiyo afya yote puani.

Ghafla, pisha! Chukudu inashuka na magunia ya viazi. Ni baiskeli ya mti mtupu isiyo na pedali, magurudumu yamevishwa mpira wa tairi la zamani, na breki ni kipande cha mpira ambacho dereva anakikanyaga kibane gurudumu la nyuma. Mvua ikinyesha mpira unateleza na breki inabaki jina. Kwa hiyo anayepisha ni wewe, hata kama pembeni kuna mawe tu. Motari, dereva wa pikipiki ya abiria, anapiga honi nyuma yako kwa jambo lilelile, huku akiuliza kama unaenda.

Kutoka ziwani wamama wanapanda na bido, madumu ya maji ya lita 20, kamba kwenye paji la uso, kilo 20 mgongoni. Pale ufukweni penye watu wa klorini wanaweka dawa kwa sirinji, na masharti ni kungoja nusu saa kabla ya kunywa. Nusu saa! Bido haijatua kwenye parsele, yaani kiwanja cha nyumba, watoto watatu wamekwisha kusimama na vikombe, na baba mwenyewe nyuma yao.