Marehemu wa Barabara ya Ngong

Tovuti ya kwanza ya karakana yangu ya samani, iliyoko kando ya barabara ya Ngong hapa Nairobi, ilikuwa na mandhari ya kijani, maandishi mekundu, nyota za manjano zilizometameta pembeni, na picha yangu nikicheka ndani ya suti niliyoshonewa kwa ajili ya harusi ya binti yangu. Chini ya picha hiyo palikuwa na kaulimbiu niliyoitumia tangu nilipouza kitanda cha kwanza: "Lala salama." Kwa muda wote ambao tovuti hiyo ilikuwa hewani, hakuna mtu aliyewahi kuyasoma maneno hayo akafikiria jambo jingine lolote ila kitanda.

Mpwa wangu, aliyesomea usanifu wa michoro na ambaye hawezi kupitwa na matatu bila kukosoa nafasi kati ya herufi zilizochorwa ubavuni mwake, alisema tovuti ile ilikuwa ikimwumiza macho. Alichokichukia zaidi ni fonti, yaani mtindo wa herufi, ambayo niliichagua mwenyewe kwa sababu ya uchangamfu wake, na inayoitwa Comic Sans.

"Mjomba," alinieleza, "fonti hii ilichorwa mwaka 1994 na Vincent Connare wa kampuni ya Microsoft, baada ya kuona programu ambamo mbwa wa katuni alikuwa akizungumza kwa Times New Roman, herufi zilizobuniwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London. Aliona mbwa hawezi kuzungumza kwa herufi za gazeti, akamtengenezea zake. Sasa wewe si mbwa wa katuni."

Nilimshukuru kwa kuliona hilo, nikamkabidhi kazi. Ilikuwa mwaka 2023, karakana ikitimiza miaka 25, na nilitaka wateja wajue kwamba sikuanza jana.

Alipomaliza aliniita niione kwenye kompyuta yake kubwa, na kwa kweli ilipendeza. Mandhari yote ilikuwa nyeupe, tupu kama kiwanja kisicho na mwenyewe. Nilipouliza kwa nini sehemu kubwa hivyo imeachwa bila kitu, ilhali mimi hulipa kodi kwa kila futi ya mraba ya karakana, alinijibu kwamba nafasi nyeupe ndiyo humwongoza msomaji mahali pa kutazama, na kwamba ukurasa uliojaa kila kitu hauonyeshi chochote. Picha yangu ya kicheko ilikuwa imeondolewa, kwa kuwa tai ya zambarau ilikuwa ikishindana na rangi ya mbao, na badala yake aliweka nyingine ya harusi hiyohiyo, niliyopigwa wakati shemeji yangu akihutubu, ambamo uso wangu una utulivu wa mtu aliyekwisha kuyakubali yote. Picha hiyo aliigeuza kuwa ya rangi nyeusi na nyeupe. Chini yake lilikuja jina langu kamili kwa herufi kubwa zilizoachanishwa, kisha "1998 – 2023", kisha mstari mwembamba mweusi, kisha, kwa italiki, "Lala salama."

Baada ya hapo kulikuwa na sentensi iliyoeleza kwamba tunaadhimisha miaka 25 ya kutengeneza vitanda, meza na makochi ya mvule na mahogani. Sentensi hiyo niliiona vizuri, kwa sababu kompyuta ilikuwa kubwa, chumba kilikuwa na kivuli, na mpwa wangu alikuwa akiniwekea kidole juu yake.

Siku ya uzinduzi niliondoka alfajiri kwenda Gikomba kutafuta mbao, na kufikia adhuhuri simu yangu ilikuwa imezima. Kwa hiyo sikujua kwamba mpwa wangu alikuwa ametuma kiungo cha tovuti kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, wala kwamba WhatsApp, mtu anapotuma kiungo, huchukua picha na kichwa cha ukurasa na kuvionyesha ndani ya ujumbe wenyewe. Ndugu zangu hawakuhitaji kufungua chochote. Waliona uso wangu wa kijivu, jina langu, miaka miwili yenye kistari katikati, na maneno ya kuniaga. Baadaye niliambiwa kwamba mmoja wao aliuliza inawezekanaje nikawa nilizaliwa mwaka 1998, na binamu yangu akamjibu kwamba nilikuwa na tabia ya kujipunguzia umri.

Nilifika mtaani kwetu jioni, umeme ukiwa umepotea, nikakuta viti vimepangwa uani na watu wengi wamekaa gizani wakizungumza kwa sauti za chini. Mtu aliyelelewa vizuri akikuta matanga haanzi kwa kuuliza maswali. Nilitwaa kiti cha nyuma, nikavua kofia, nikamwonea huruma jirani yeyote yule aliyekuwa ametutoka. Daftari la michango liliponifikia nilitoa shilingi 500 taslimu, na kijana aliyelishika, ambaye hakuuona uso wangu, aliniambia Mungu anibariki.

Kikao kilikuwa kikijadili mahali pa kuzika. Wapo waliopendekeza Lang'ata, kwa kuwa ni karibu na gharama ni nafuu, na wapo walioshikilia kwamba mtu mzima hazikwi mjini ilhali ana shamba kwao, jambo ambalo lingehitaji kukodi basi. Mimi nilikubaliana na hawa wa pili, na nadhani nilinong'ona kitu cha kuwaunga mkono. Kisha mzee mmoja akasimama kumsifu marehemu. Alisema alikuwa mtu mcheshi, mpenda chai, fundi mwenye mkono mzuri, ingawa, Mungu amrehemu, kila kazi aliichelewesha, na kabati aliloahidi kulimaliza kabla ya Pasaka lilikuja wakati wa Krismasi bila vishikio.

Kabati hilo nilikuwa nikilijua, na vishikio havikuwekwa kwa sababu mzee huyo alikataa kuvilipia.

"Si kweli!" nilisema, nikasimama.

Yaliyofuata yalihusisha mayowe, viti kadhaa vya plastiki kuvunjika, na mama mmoja wa kanisani kuanza kukemea. Mke wangu alipotoka na taa mkononi, hakuonekana kushangaa hata kidogo. Alikuwa amewaambia wageni tangu saa tisa kwamba mumewe aliondoka nyumbani akilalamika kuhusu sukari katika chai, na kwamba mtu aliye karibu kufa halalamiki kwa nguvu zile, lakini wao walitikisa vichwa wakaambiana kwamba maskini bado hajakubali.

Shemeji yangu, aliyekuwa ameteuliwa kuwa mweka hazina, alinieleza kwa masikitiko kwamba pesa zilizokwisha kuingia kwa M-Pesa haziwezi kurudishwa hivihivi, kwa kuwa kuna gharama za kutuma, na kwamba kamati ingekutana kuamua. Nilimdai angalau zile 500 zangu. Aliniambia daftari halionyeshi kwamba nilitoa, limeandika "mgeni".

Asubuhi yake kulikuwa na jambo moja la faida. Mteja niliyemtengenezea meza ya kulia ya watu wanane, na ambaye alikuwa akinikwepa kwa muda mrefu, alikuja nyumbani mapema kutoa rambirambi kabla habari ya kufufuka kwangu haijamfikia. Nilikuwa chumba cha pili nikinyoa ndevu, na nilimsikia akimwambia mke wangu, kwa sauti ya uchungu, kwamba marehemu aliondoka akiwa hana deni kwake wala yeye hana deni kwa marehemu, maana salio lote alimkabidhi mkononi, wakiwa wawili tu. Nilitoka na povu shavuni nikamwuliza ni siku gani. Alilipa papo hapo kwa simu, na akaongeza gharama ya kutolea bila kuombwa.

Mpwa wangu hakuona kosa lolote. Alikuja na kompyuta yake, akanionyesha kipengele kimoja kimoja: fonti ni ya ukoo wa Garamond, wenye chimbuko lake Ufaransa katika karne ya 16, herufi kubwa huachanishwa ili zipumue, picha isiyo na rangi hutuliza ukurasa. Kila kitu kilikuwa sahihi kivyake, na mimi sikubishana naye, ila nilimwambia kwamba nimeunga viti vya kutosha kujua kwamba miguu minne iliyonyooka, kila mmoja kivyake, inaweza kuzaa kiti kinachoyumba. Maneno "Lala salama" yalikaa miaka na miaka katika rangi nyekundu kati ya nyota bila kumtoa mtu machozi. Yeye aliyavalisha nguo ya msiba, kisha akashangaa watu walipoanza kulia.

Nilimtaka atoke na simu yake hadi karakana, tusimame juani barabarani kama wateja wangu wanavyosimama, na kuisoma sentensi ya miaka 25. Hakuiweza. Aliikaribia, akaikunjia macho, akaongeza mwangaza, wapi. Ndipo aliponieleza, kwa sauti iliyopungua kidogo, kwamba miongozo ya ufikivu wa tovuti ya W3C, shirika linaloweka viwango vya mtandao, hutaka mwangaza wa maandishi ya kawaida utofautiane na wa mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na kwamba kijivu chake cha kupendeza hakikufika hata 2 kwa 1. Isitoshe, alikuwa ameyaweka katika ukubwa wa pikseli 11, wakati vivinjari vingi vyenyewe huanzia 16, na Garamond ina herufi ndogo ambazo ni fupi kuliko za fonti nyingi nyingine, kwa hiyo kumi na moja yake ni sawa na tisa ya watu wengine. Kwa maneno mengine, sehemu pekee ya ukurasa iliyosomeka juani ilikuwa ile iliyonizika.

Tulirekebisha hapohapo, tukiwa tumekaa juu ya kitanda kisichouzwa. Kicheko changu kilirudi, pamoja na tai ya zambarau. Kistari na mwaka wa pili viliondolewa, pakabaki "Tangu 1998", maneno ambayo hayamwachi mtu yeyote akiuliza mwisho ulikuwa lini. Maandishi yakawa meusi yaliyokoza, pikseli 17, kwa fonti isiyo na vijimkia. Kaulimbiu tuliiweka kwa herufi nene za mviringo, karibu kabisa na picha ya kitanda chenye bei, kwa kuwa hakuna tangazo la kifo lenye bei. Comic Sans aliikataa katakata, na katika hilo nilimwachia.

Tatizo ni kwamba kuirekebisha tovuti hakurekebishi ujumbe uliokwisha kutumwa. Ile picha ya kijivu imebaki ndani ya jumbe za WhatsApp kama ilivyotumwa mara ya kwanza, na watu wema wameendelea kuisambaza kutoka kikundi hadi kikundi, kila mmoja akiongeza mikono iliyokunjwa na mshumaa. Bado napigiwa simu na watu wanaotaka kuzungumza na familia.

Mmoja wa waliopiga alikuwa na sauti ya heshima sana. Alisema ameiona kazi yetu mtandaoni, kwamba katika Nairobi nzima hajaona tangazo lililoandaliwa kwa staha kama lile, na kwamba alikuwa akiulizia jeneza la mahogani. Nilimweleza kwa upole kwamba sisi hutengeneza vitanda. Akaniuliza tofauti yake ni nini hasa, ikiwa mbao ni zilezile na kaulimbiu ndiyo ileile.

Nilimwuliza marehemu alikuwa na urefu gani.