Kila Nikikanyaga Breki, Kiti Kinasogea

Mke wangu alisema mapema kabisa: gari la milango miwili ni la mtu asiye na ndugu. Sikumsikia. Nilikuwa nimeshaliona lile gari la michezo la Kijapani la 1989, taa za mbele zinafumbuka kama macho ya kenge, kiti cha dereva kinasogea kwa umeme. Hapa Tabora ukibonyeza swichi kiti kikaitika "zzzz", hata wapiga debe wananyamaza.

Swichi yenyewe ya kiti haikuwepo. Fundi fulani wa zamani alipachika swichi ya kioo cha pikapu. Nikajisemea, mradi kinasogea.

Siku baba mkwe alipokuja kutoka Kigoma nilikwenda kumpokea stesheni. Akashuka na kiroba cha dagaa na dumu la mawese la lita 20. Shikamoo, marahaba, dagaa nyuma. Dumu akakataa katakata lisilazwe, akalipakata.

Breki ya kwanza, kwenye tuta, nikahisi usukani umenikaribia. Ya pili, magoti yakagonga dashibodi. Nikabonyeza swichi, kiti kikarudi vizuri tu. Ya tatu, zzzz, mbele tena.

"Mkwe," akasema bila kugeuka, "huoni vizuri?"

"Naona, baba."

"Sasa mbona unakiendea kioo?"

Karibu na Isevya tukakuta msafara wa mazishi unavuka barabara, jeneza mabegani. Nikasimama kwa adabu zote, mguu kwenye breki. Kiti nacho kikaanza safari. Nikabonyeza swichi kukirudisha: kikasita. Nikaachia: kikaendelea. Kwa kihoro nikabonyeza tena, safari hii upande usio wake, na kifua changu kikaifikia honi.

Pooooooo!

Waombolezaji wote wakageuka. Mzee mmoja akainama, nadhani akitafuta jiwe. Kuondoa kifua siwezi, kiti kimenikaba. Kuondoa mguu siwezi, barabara inateremka na mbele yangu kuna jeneza. Baba mkwe, mstaafu wa reli, akalihamishia dumu goti la kushoto, akavuta breki ya mkono.

"Toa mguu."

Nikatoa. Honi ilinyamaza pale tu kiti kilipoanza kurudi, taratibu, msafara mzima ukinitazama ninavyorejea kwenye heshima yangu.

Kesho yake nilianzia msibani, nikaomba radhi na kutoa rambirambi. Kisha gereji. Fundi wa kwanza akasema mota imekufa. Imekufaje nayo jana ilitaka kuniua? Wa pili akataka kubadilisha mfumo mzima wa breki. Nikarudi nyumbani, nikaegesha chini ya mwembe, nikatafuta balbu ya zamani, nikaifunga nyaya mbili iwe taa ya kupimia.

Mota ya kiti haijui mbele wala nyuma. Ina nyaya mbili: huu ukipata moto, yaani chanya ya betri, na ule hasi, kiti kinakwenda, ukizigeuza, kinarudi. Chini ya zulia nikakuta rilei mbili za nyongeza, yaani swichi zinazowashwa na umeme badala ya kidole, moja ya kwenda, moja ya kurudi. Zikitulia, nyaya zote mbili za mota ziko hasi. Zikishtuka zote, nyaya zote mbili ziko moto, na mota inasimama. Ndiyo maana kiti kilisita. Lakini nani aliyekuwa akiishtua rilei ya kwenda? Saa tatu nzima nimelala kifudifudi, kichwa chini ya kiti, miguu nje, majirani wakipita na salamu zao. Naitikia kwenye zulia.

Mpwa wangu wa darasa la nne, aliyekuwa akila embe nyuma ya gari, akaniambia: "Mjomba, ukisogeza kiti mbele taa za breki zinawaka."

Nikamwambia aniache nifanye kazi.

Nilikaa kama dakika kumi ndipo maneno yake yakaniingia. Nikafunua zulia kandokando ya mlango, unakopita waya wa taa za breki kwenda nyuma. Waya unaoishtua rilei ya kwenda ulikuwa umesokotwa nao pamoja, reli ya kiti imezichubua zote hadi shaba, na palipochubuka pamefungwa kipande cha rambo, mfuko wa plastiki. Mifuko ile ilipigwa marufuku 2019, kwa hiyo ugonjwa huu ulikuwa mkongwe. Rilei haihitaji umeme mwingi kushtuka, ndiyo maana hakuna fyuzi iliyowahi kukata na kunishtua mimi.

Nikazitenganisha, nikalehemu, nikazivalisha mpira na kuzipitisha mbali na reli. Mpwa akadai soda mbili, nikampa.

Siku ya kumrudisha baba mkwe stesheni nilimweleza yote njiani, rilei, rambo, kila kitu. Akaitikia "naam" kila mahali panapostahili. Kwenye tuta nikakanyaga breki, kiti kikatulia tuli. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye breki ya mkono tangu nyumbani, na hakuutoa mpaka nilipozima gari.