Shuleni Hayupo, Maskanini Yupo

Mei 2024, Gavana Abdulswamad Nassir alipopiga marufuku muguka, majani ya kutafuna yanayochangamsha, kuingizwa na kuuzwa Mombasa, mabaraza ya Mji wa Kale yaligawanyika hata kahawa haijapoa. Kina mama wengi walishukuru. Wazee wengine wakauliza mbona miraa ya Meru haikuguswa, ilhali ni mti huohuo. Kilifi na Taita Taveta nazo zikafuata. Haikupita wiki, Rais Ruto akawaambia viongozi wa Embu kwamba marufuku hayo hayana nguvu, kwa kuwa sheria ya taifa inautambua muguka kuwa zao la biashara. Mahakama nayo ikayasimamisha, na vibanda vikafunguliwa tena. Tangu hapo tunabishana juu ya mamlaka ya kaunti na riziki ya mkulima wa Embu, na yule mvulana aliyesababisha yote hayo hatumsikii tena akitajwa.

Namsema mvulana wa miaka 13 hadi 17, wa Kibokoni, Bondeni, Majengo au Kisauni, na hasa wa jamii ndogo: Mswahili, Mbajuni, Mwarabu, Mpemba. Ndogo kweli. Katika sensa ya 2019, kati ya Wakenya milioni 47.6, waliohesabiwa kuwa Waswahili walikuwa kama 56,000 tu. Lugha yao imeenea Afrika Mashariki nzima, wenyewe hata robo ya wakazi wa Likoni hawafiki. Mvulana huyu akiacha shule, mtaa una maelezo mawili yaliyokwisha kuiva. Kuna wasemao majani yamemharibu, na kuna wasemao shule na nchi zilimtupa kwanza, majani akayaokota njiani.

Pita uchochoro wowote wa Guraya saa nne asubuhi siku ya shule. Utawakuta watatu au wanne wameketi kwenye ngazi ya nyumba ya watu, mashati ya sare yamegeuzwa nje ndani ili nembo isisomeke. Mmoja anachambua majani, anatupa vikonyo, anabana tonge shavuni na njugu mbili tatu, kisha chingamu ya Big G ya kukata uchungu. Mfuko wa shilingi 50 unawatosha wawili, na hamsini hiyo asubuhi ilitoka nyumbani ikiwa pesa ya chakula cha mchana. Wala hawatakihitaji hicho chakula. Kathinoni iliyomo kwenye majani mabichi huua njaa, hukata usingizi na kuleta maneno mengi, hali ambayo wenyewe wanaiita handasi. Usiku macho makavu, kesho yake kipindi cha kwanza cha hesabu kichwa kiko juu ya dawati.

Kwa hiyo wanaolaumu majani wana hoja, tena si ya kudharau. Kitu kikiwa rahisi na kikiwa karibu, watoto watakijaribu. Na mji huu una kumbukumbu. Kuna nyumba za Mji wa Kale zilizozika ndugu wawili watatu kwa sababu ya unga, yaani heroini. Methadone, dawa ya kuwasaidia watumiaji wa unga kuuacha, ilipoanza kutolewa nchini mwishoni mwa 2014 na kufika Pwani 2015, kwenye foleni tuliona watu wazima ambao tunakumbuka walivyoanza wakiwa bado na kaptura za shule. Si kweli kwamba kila anayetafuna muguka ataishia kwenye sindano, lakini mzazi aliyewahi kuona teja akitolewa nyumbani kwake kwa machela huwezi kumtuliza kwa maneno hayo.

Hoja hiyo huja na methali yake: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi husita kidogo hapo. Methali inamtaja mama. Baba ambaye kila Ijumaa ana kikao cha miraa mpaka usiku wa manane, na mwanawe ndiye anayetumwa dukani kununua soda baridi, hajatajwa popote.

Upande wa pili unaanza kwingine. Mvulana wa miaka 15 hasomi sera za serikali, anasoma kaka zake. Kaka amemaliza kidato cha nne, ameenda kuomba kitambulisho, ameambiwa alete karatasi za babu na bibi kisha angoje vetingi, yaani kuhojiwa kuhusu uraia wake, wakati mwenzake wa darasa moja mwenye jina la bara ametoka ofisini hapo na karatasi ya kungojea mkononi. Kitambulisho hakuna, kazi ya maana hakuna, hata laini ya simu ni ya kuazima jina. Zamani angalau bandari ilimeza vijana. Agizo la 2019 la kupeleka makontena Nairobi kwa reli ya SGR lilipotoka, madereva, mahamali na mawakala wa forodha waliandamana barabarani Mombasa kwa kujua kinachokuja. Kwa Wapemba mambo yalikuwa magumu zaidi. Mpaka serikali ilipowatambua kuwa raia mwaka 2023, wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Bila cheti, mtoto ilikuwa shida kuingia kwenye NEMIS, mfumo wa serikali wa kuandikisha wanafunzi, na bila NEMIS fedha za serikali hazikumhesabu. Ukikaa darasani huku mfumo haujui kama upo, kutoka ni hatua fupi.

Nakubali sehemu kubwa ya hayo. Lakini nayo ina tundu, na wanaharakati wetu hulipita wakitazama juu. Dhiki ni ya mtaa mzima, maskani, yaani kijiwe cha watafunaji, si ya mtaa mzima. Dada yake huyohuyo mvulana, cheti kilekile kilichokosekana, baba yuleyule asiye na kazi, yuko shuleni na daftari lake limejaa. Wavulana wengi wa uchochoro uleule wako shuleni. Ukisema ubaguzi ndio uliomtafunisha muguka, utaulizwa mbona hao wengine haukuwatafunisha.

Marekani wamelichunguza jambo hili kwa miongo mingi, na kuna kitu kimoja cha huko kinachonifaa hapa. Tafiti zao zimeonyesha mara kwa mara kwamba vijana weusi huvuta sigara na kunywa pombe kidogo kuliko wenzao weupe. Hata hivyo, takwimu za wizara yao ya elimu za 2014 zilionyesha wanafunzi weusi wakisimamishwa na kufukuzwa shule mara tatu zaidi. Adhabu hizo zina sababu nyingi, sijidai zote ni za ulevi, na Mombasa si Chicago. Lakini zinanifanya nitazame siku ile mtoto anapokamatwa, ambayo pande zote mbili za mabishano yetu huiruka.

Kinachotokea siku hiyo tunakijua. Mwalimu wa zamu anapekua mifuko, majani yanapatikana, mvulana anasimamishwa mbele ya gwaride, kisha anaambiwa: rudi na mzazi. Kiboko kilipigwa marufuku 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mwanafunzi kufukuzwa hivihivi bila kufuata kanuni. Hakuna aliyemfukuza, basi. Ameambiwa tu arudi na mzazi. Mama anauza mahamri na mbaazi tangu alfajiri, akikosa siku moja mtaji umeliwa. Baba yuko Saudia, au yuko tu. Mvulana hasemi nyumbani. Kila asubuhi anavaa sare, anaaga, anateremka mpaka maskanini, na jioni anarudi kwa wakati. Mtoto wa jirani yangu alifanya hivyo kwa wiki tano kabla mamake hajajua. Alipokamatwa alikuwa mtafunaji wa Ijumaa. Wiki tano za asubuhi mpaka alasiri pamoja na watu wazima wasio na kazi zilimtoa akiwa wa kila siku, tena anajua bei ya jumla.

Hapo ndipo ninaposimama: kaunti haikuweza kulizuia lori la Embu, lakini mlango wa shule uko mikononi mwetu, na sisi ndio tunaoufunga.

Walimu niliowaambia aliyekamatwa abakishwe shuleni walinicheka, na kicheko chao kina haki. Darasa lina watoto 60 na zaidi. Mwalimu wa ushauri nasaha ni mwalimu wa Kiswahili mwenye vipindi vyake kamili, aliyepewa cheo hicho kwa karatasi. Na aliyekamatwa pengine hatafuni peke yake, anawauzia wenzake wa gredi ya saba kwa majani machache machache, kwa faida. Wazazi wa hao wa gredi ya saba wakija ofisini wamewaka, mwalimu mkuu awaambie nini? Kwamba muuzaji amebakishwa kwa ajili ya utafiti wa Marekani? Kwa huyo muuzaji sina jibu jepesi. Ninachojua ni kwamba wengi wanaoambiwa warudi na mzazi si wauzaji, na tunawapima wote kwa ratili moja.

Mfano wa Iceland hutajwa sana kwenye warsha za hoteli, kwamba vijana wa miaka 15 na 16 waliolewa ndani ya mwezi walikuwa asilimia 42 mwaka 1998 na asilimia 5 mwaka 2016, kwa kujazwa michezo na muziki baada ya shule na wazazi kushikwa mkono. Ni kweli, ila nchi nzima hiyo haifiki nusu ya watu wa Mombasa, na viwanja vyetu vinaota kuta za watu binafsi kila mwaka. Wasichana ni habari nyingine, wao hutafuna ndani, hawapekuliwi, na shule inawapoteza kwa posa kabla haijawapoteza kwa majani.

Mombasa inayo njia moja isiyohitaji warsha. Mtoto wa mitaa hii ana shule mbili. Anayekosekana shuleni mara nyingi bado huonekana madrasa, kwa sababu huko ustadhi anamjua babu yake na atagonga mlango. Yule wa jirani yangu ndivyo alivyorudi. Ustadhi wake alikwenda shuleni mwenyewe na kanzu yake, akakaa benchini saa mbili, akaandika jina lake pale fomu ilipoandikwa "mzazi". Mwalimu mkuu alimuuliza ni nani kwa mtoto. Akasema ni mwalimu mwenzako.

Sasa mvulana yuko gredi ya tisa. Ijumaa mojamoja bado namkuta Guraya, shavu limetuna, ananiamkia shikamoo huku ametazama kando. Jumatatu huwa darasani.