Taji Kisumu, Studio Nairobi

Msimu wa mashindano ya urembo ukifika katika vyuo vikuu vya huku kwetu, magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa, kuanzia Maseno na Masinde Muliro hadi Egerton kule Njoro, mabishano huwa yale yale. Mmoja atasema ni kuwaanika watoto wa watu mbele ya wazee wenye pesa. Mwingine atajibu kwamba fulani alianzia hapo hapo, na leo anaonekana runingani. Wa tatu, ambaye mara nyingi ni mwanafunzi wa uanahabari, atauliza kwa uchungu: mimi nasoma miaka minne, kiti changu kwa nini apewe aliyejua kutembea jukwaani?

Swali la huyu wa tatu lina uzito kuliko wenzake wanavyokubali. Ila nadhani lawama anaitupa pasipo pake.

Chukua maisha ya Oprah Winfrey, mtangazaji wa runinga wa Marekani. Watu wanamjua kwa kipindi chake, na si wengi wanaokumbuka kwamba alipita kwenye jukwaa la urembo. Mwaka 1971, akiwa binti wa miaka 17 mjini Nashville, Marekani, alishinda taji la Miss Fire Prevention. Ndiyo, malkia wa kuzuia moto. Hata Nakuru hatujafika huko. Alipokwenda kwenye kituo cha redio cha WVOL kuchukua zawadi yake, wafanyakazi walimpa karatasi ya habari wakamwambia asome, wakamrekodi kwa kujifurahisha tu. Waliposikiliza, wakampa kazi. Alikuwa bado mwanafunzi wa sekondari. Mwaka 1972 akatwaa taji la Miss Black Tennessee, kisha akaingia runinga ya mji huo huo kama mtangazaji wa habari.

Hapo ndipo wanaosimulia hadithi za mafanikio huruka moja kwa moja hadi Chicago, alikojijengea jina. Wasiruke. Mwaka 1976 alihamia Baltimore kusoma habari za saa kumi na mbili jioni, na akashindwa. Haukupita mwaka, kiti kile akaondolewa, akawa anapewa kazi ndogo ndogo kituoni. Mwaka 1978 wakamjaribu kwenye kipindi cha mazungumzo cha asubuhi, na hapo ndipo alipopatia. Chicago ilikuja 1984, na kipindi cha nchi nzima kikaanza Septemba 1986, kikadumu hadi 2011.

Mtetezi wa mashindano atasema: unaona? Bila taji asingeukaribia mlango wa redio. Mpinzani naye atasema taji lilimfikisha mlangoni tu, kazi alipewa na sauti. Wote wawili wana haki, na ndiyo maana ubishi wao hauishi. Mimi nilichokiona katika maisha haya ni kituo chenyewe. WVOL ilikuwa Nashville. Runinga iliyomchukua ilikuwa Nashville. Alifunzwa kazi karibu na nyumbani, kisha akaenda kuanguka mbele ya watazamaji wa mji mmoja, si wa taifa, na akabaki na kazi mpaka akapata anachokiweza.

Sasa mweke binti aliyevikwa utepe Kisumu. Redio anazo: Bungoma kuna West FM, na stesheni za lugha za mama zinasikika kila kibanda. Lakini hata Ramogi FM ya Kijaluo na Mulembe FM ya Kiluhya, ambazo wasikilizaji wao wako huku, hutangaza kutoka Nairobi. Kwenye runinga ni hivyo hivyo, studio kubwa ziko Nairobi, kilomita kama 350 kutoka Kisumu. Wawakilishi wa vituo hivyo huku mashinani, wengi wao hulipwa kwa habari moja moja, na ikitupwa na mhariri hakuna malipo. Basi binti atafunga mizigo, atafikia kwa shangazi katika mitaa ya Nairobi kama Umoja au Kayole, atapanda matatu mbili kwenda kwenye usaili, na akichukuliwa atajifunzia kazi mbele ya nchi nzima. Akikosea jina la waziri jioni, kufikia usiku kipande hicho kimeshafika kila simu. Hapo ndipo yule mwanafunzi wa uanahabari anapomcheka, naye akifika atakuta ngazi ni ile ile isiyo na vidato vya chini.

Mtu atasema mambo yalibadilika 2015 runinga zetu zilipohamia mfumo wa dijitali. Ni kweli mwenye stesheni halazimiki tena kujenga minara yake, anaweza kulipia masafa kwa wasambazaji kama Signet. Lakini bili hiyo huja kila mwezi, na matangazo ya biashara ya kuilipa yanagawiwa na ofisi zilizoko Nairobi. TikTok na YouTube zimepunguza makali, nakubali. Binti anaweza kurekodi kipindi pale ufukwe wa Dunga, Kisumu, samaki wakikaangwa nyuma yake, akapata watazamaji kuliko stesheni nyingine. Anachokosa ni mtu wa kumwambia amekosea wapi.

Nisimwonee mwanafunzi wetu, lakini. Kusoma habari si kusoma maandishi yaliyopita kwenye skrini. Katikati ya mahojiano prodyuza anakwambia sikioni ubakishe sekunde kumi, mgeni ndiyo kwanza anaanza kudanganya, na ni wewe wa kujua kwamba anadanganya. Hilo halifundishwi na viatu virefu. Kwa taarifa ya habari ningekuwa mkali: mafunzo kwanza, sura baadaye. Anayestahili kulaumiwa ni meneja anayempandisha mtu kitini wiki mbili baada ya kumwajiri kwa sababu wafadhili wameipenda sura yake. Mrembo aliomba kazi tu, kama sote tunavyoomba.

Kwa vipindi vya burudani na mazungumzo nalegeza. Jukwaani taa zinamchoma binti macho, ukumbi unapiga mbinja, jaji anamuuliza angefanya nini kuhusu mimba za mapema, na ana nusu dakika. Akiweza kujibu bila kutetemeka, ameshafanya sehemu ya kazi ya utangazaji. Kasoro ni kwamba mashindano haya karibu yote huendeshwa kwa Kiingereza, ilhali taarifa za saa moja jioni ni za Kiswahili na ndizo zinazosubiriwa mezani nyumba nyingi. Nimeona mabinti wenye Kiswahili kitamu wakijikwaa kwenye swali la mwisho kwa kutafuta neno la Kiingereza, na taji likaenda kwa aliyesoma shule ya ghali. Waandaaji wakiruhusu lugha zote mbili, hilo litakwisha usiku mmoja.

Na kuna suala la nani anammiliki mshindi. Mwaka 2016 aliyekuwa ametwaa taji la Miss World Kenya alivuliwa baada ya picha zake za faragha kufikishwa kwa waandaaji. Alikwenda Mahakama Kuu, nayo ikaona faragha yake, inayolindwa na kifungu cha 31 cha Katiba, ilikuwa imevunjwa, ikaamuru aliyezitoa amlipe shilingi milioni 1. Taji halikurudi. Lilikwenda kwa Evelyn Njambi, ambaye Desemba hiyo aliingia tano bora za dunia. Wapinzani wa mashindano huishika kesi hii kwa mikono miwili, na siwalaumu: mtu anavishwa utepe kwa makofi, halafu anagundua mkataba aliousaini unawapa wengine nguvu ya kumvua.

Afrika Kusini inatupa mfano mwingine. Basetsana Makgalemele wa Soweto, ambaye baada ya ndoa amejulikana kama Basetsana Kumalo, alikuwa Miss South Africa 1994, akawa wa pili nyuma ya Aishwarya Rai katika Miss World iliyofanyika Sun City Novemba mwaka huo. Aliingia SABC, shirika la utangazaji la nchi hiyo, kuongoza kipindi cha Top Billing. Lakini hakukubali kubaki sura ya kipindi. Akawa mbia wa Patience Stevens katika kampuni ya Tswelopele iliyokitengeneza, na watangazaji wapya walipoletwa, yeye alikuwa upande wa walioajiri. Soweto nayo iko Johannesburg, mji ule ule wenye studio za SABC. Hakulala kwa shangazi wa mtu.

Serikali za kaunti na wadhamini wa mashindano ya huku wanapenda kutoa hundi kubwa ya karatasi na picha ya pamoja. Ningependa fedha hizo zilipie miezi sita ya kazi katika redio ya hapa hapa, kwa mshahara ulioandikwa, chini ya mhariri mkali, na nafasi ya pili apewe mwanafunzi wa uanahabari wa chuo kilichoandaa. Kabla ya hapo, binti ampelekee wakili mkataba wa taji ausome: picha zake ni za nani mwaka ukiisha, anaweza kufanya kazi nyingine akiwa na utepe, na nani analipa nauli ya kwenda Nairobi.