IST ya Kuuza

Baba Zuhura hakununua Toyota IST ya kupanda. Alinunua ya kuuza. Alichagua nyeupe kwa sababu Dar es Salaam nyeupe haikai sokoni, na nailoni zilizokuja nazo kwenye siti akaapa hazivuliwi mpaka aje mnunuzi azivue mwenyewe.

Redio ilikuwa ya Kijapani, FM yake inaishia 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Kuibadilisha? "Mteja anataka orijino." Kila akiwasha gari, dada wa Kijapani anaongea kwenye dashibodi. Fundi alitwambia ni kidude cha kulipia barabara za kwao, kinadai kadi yake. Nacho hakikung'olewa. Zuhura akazoea kumwitikia, "Marahaba." AC haiwashwi, tunatunza kompresa.

Sasa ikaja harusi ya wifi yangu, Mbagala. Nikashona gauni la satini. Jamani, satini juu ya nailoni, na jasho la Barabara ya Kilwa katikati, ni sabuni juu ya sabuni. Wakati wa kurudi tukafungiwa ndoo ya samaki wa kupaka. "Pakata," akaniambia mwenye gari, "isiguse siti."

Bodaboda akachomoka kushoto. Breki! Mkanda ukanishika kifua, sehemu nyingine zikaendelea na safari. Magoti yakagonga dashibodi, ndoo ikapinduka, tui na ukwaju na bizari vikateremka mapajani mpaka kwenye siti.

Unadhani aliniuliza kama nimeumia? Alipaki pembeni, akapangusa nailoni kwa khanga yangu, anacheka. "Umeona kazi ya nailoni?" Nikamwonyesha pale ilipochanika, karibu na kifungio cha mkanda, mchuzi umeingia chini. Akasema nina wivu na gari.

Harufu ilipoanza, alining'iniza manukato. Ilipozidi, akafukiza ubani. Hatimaye dalali akaleta mteja, mzee mmoja wa kofia, mpole. Tangazo lilisema: "Namba D, haijapigwa rangi, nailoni bado, maongezi yapo." Mzee akashika nailoni ya siti ya abiria, akaivuta.

Chini palikuwa na duara la manjano, ukungu wa kijani umeota manyoya. Joto la Dar na unyevu usio na pa kutokea. Hapo hata mbegu ya mchicha ingechipua. Mzee akarudi hatua mbili.

"Kijana, hii gari ilikuwa inabeba samaki soko la Feri?"

Akashusha milioni mbili papo hapo. Dalali akajifanya anapokea simu. Baba Zuhura akasema gari haliuzwi, akafunga mlango.

Jioni alichana nailoni zote kwa hasira, akasugua siti yangu kwa sabuni ya unga na maji ya moto. Kisha akakaa kwenye ya dereva, akaegemea, akajisogezasogeza.

"Mama Zuhura, kumbe siti zenyewe laini hivi!"

"Sijui," nikamjibu. "Yangu bado mbichi."